Nilivyowafuta watu ili nipate dirisha la studio yangu Karagwe

Wakuu, salaam aleikum. Na ambao si wa salaam hiyo, hamjambo.

Nitaeleza mambo kama yalivyokuwa, hata pale ninapoonekana mtu mbaya. Na nitaonekana mbaya, msinitetee. Uzi ni mrefu kidogo, kwa hiyo wenye haraka wapite, wengine vuteni mkeka.

Mimi ni Salum, mpiga picha, nakaa Karagwe upande wa Bweranyange. Baba yangu alikuja huku na misafara kutoka Pangani, akaoa, akafungua duka la nguo na chumvi, akafia hapa hapa. Haya ninayosimulia ni ya wakati wa Mdachi, kabla vita havijafika kwetu.

Nilirithi duka, nikauza kaniki miaka kadhaa. Halafu siku moja nimekwenda Bukoba kuchukua bidhaa, nikamkuta Mgoa mmoja mzee, Mhindi wa Goa, anauza kamera yake ili arudi kwao. Nikakaa naye siku kumi na moja, akanifundisha kazi. Nguo nilizofuata nikaziacha dukani kwa mwenyewe.

Mke wangu, Zuhura, alipoona narudi na sanduku lenye miguu mitatu badala ya majora ya kitambaa, hakunisemesha siku mbili. Ya tatu akauliza, "Hili nalo linavaliwa vipi?"

Basi, ngoja niwaeleze kazi yenyewe kwa ufupi, maana bila hilo hamtaelewa kosa langu.

Picha inaanzia kwenye kioo. Kioo chenyewe ni kidogo, kama kiganja cha mtu mzima mwenye vidole virefu, na kimepakwa dawa upande mmoja. Unakiweka ndani ya kamera, mteja anatulia, mwanga unaingia. Ukikiosha gizani, mteja anabaki kwenye kioo, ila kinyume: uso mweupe, nguo nyeupe zimekuwa nyeusi. Halafu unalaza karatasi juu yake, unaweka juani, inatoka picha ya kueleweka.

Karatasi anaondoka nayo mteja. Kioo kinabaki kwangu. Akitaka nyingine hata baada ya miaka mitano, anakuja, natoa nyingine kutoka kioo kile kile. Ndiyo ahadi ya kazi hii.

Mwanzoni watu waliniogopa. Walisema nanyonya vivuli vya watu. Nikapiga picha yangu mwenyewe, nikaitundika mlangoni mwa duka ili waone kwamba sijakonda. Mzee mmoja akaitazama sana, akanitazama na mimi, akasema huyu wa kwenye karatasi anaonekana ana adabu zaidi.

Lakini wakaja. Wakaanza askari na makarani, wakafuata wafanyabiashara wenzangu, kisha ndugu wa watemi na wake zao. Waliokuwa hawana fedha walileta kahawa, ngozi, wengine mbuzi. Nikapata na ujanja mmoja uliokuza biashara kuliko kitu kingine chochote: koti.

Nilikuwa na koti jeusi la Kizungu, nililinunua Bukoba likiwa limevaliwa tayari. Kijana anakuja na rubugo lake, ile nguo ya gome la mti, namvalisha koti, namkalisha kitini. Anatoka bwana mkubwa. Vijana walitembea siku mbili kutoka Isingiro kufuata lile koti, wakuu. Nusu ya vijana wa nchi hii niliwapiga wakiwa ndani ya koti moja.

Sasa aje Mama Kemilembe.

Huyu alikuwa mjane wa kijiji cha Nyabiyonza, na Kemilembe ni jina lake mwenyewe. Alituletea ndizi na kahawa tangu baba yangu yuko hai, na mama yangu alipofariki yeye ndiye aliyekaa na sisi jikoni siku zote za matanga, Mnyambo, mwenyeji wa huku, asiyejua hata dua moja, anamenya ndizi na kulia. Tangu hapo akawa ananiita mwanangu. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Rwiza.

Rwiza alipata kazi ya kubeba mizigo ya ngozi hadi Bukoba, na kutoka hapo avuke ziwa akapakie meli Mwanza. Siku mbili kabla ya safari mama yake akamleta apigwe picha. Nikamvalisha koti. Akacheka sana, ikabidi tungoje amalize.

Nilitoa karatasi moja. Nikampa mama.

Akaikataa. "Achukue yeye," akasema. "Huko anakokwenda hawamjui. Akiugua, waone kwamba ni mtoto wa watu. Mimi uso wake ninao."

Nikamwambia, "Mama, kioo chake kinabaki hapa. Siku ukimtaka, njoo."

Nililisema hilo kwa mdomo wangu. Zuhura alikuwepo.

Ikapita kama miaka miwili. Biashara ikakua, na shida ikakua nayo. Nilikuwa napigia uani, kwenye jua. Masika yakiingia huku kwetu, mvua na ukungu vinakaa juu ya vilima hadi unasahau rangi ya mbingu. Watu wanafika wamelowa, wanangoja siku tatu, wanarudi walikotoka bila picha. Nikaona wazi kwamba bila chumba chenye dirisha kubwa la kioo sitafika popote.

Nikaagiza vioo Bukoba. Mpagazi akateleza kwenye mteremko, vikafika changarawe. Nikaagiza tena. Vya pili vilifungwa kwenye majani ya migomba kama mayai, na vilipofunguliwa vilikuwa mayai kweli, yaliyopasuka.

Hapo ndipo nikageuka nikatazama rafu yangu. Vioo zaidi ya mia vimepangwa, vizima, havina hata ufa.

Nikamwambia Zuhura achemshe maji na magadi. Ukiloweka kioo humo, ile dawa yenye picha inalainika, unaikwangua kwa kisu inatoka kama ngozi ya maziwa. Kinabaki kioo cheupe kama cha dukani.

Zuhura akasimama na sufuria mkononi. "Salum, hawa ni watu."

"Ni vioo," nikasema. "Watu wako kwao wanakula ndizi."

"Uliwaahidi."

Nikamjibu kwamba nitachagua. Na nikachagua kweli, wakuu. Niliweka mafungu mawili, wanaorudi na wasiorudi. Wanaorudi ni watemi na ndugu zao, makarani, askari, wafanyabiashara. Wasiorudi ni waliolipa kwa kahawa, wakachukua karatasi moja, wakaenda. Fungu la pili ndilo nililokwangua. Thelathini na sita.

Ningependa kuwaambia kwamba Rwiza alipita mkononi bila kumtambua. Nilimtambua. Hata kwa ule uso wa kinyume nilimtambua, maana alikuwa bado ana kicheko mdomoni. Nikasema moyoni, huyu atarudi, nitampiga nyingine bure, tena kubwa. Nikamtia kwenye maji.

Fundi akatengeneza fremu ya mbao ya vioo sita kwa sita, akavipanga. Dirisha likawa zuri ajabu. Masika yale nilipiga picha kila siku. Watu walikuja hata kutazama chumba tu.

Rwiza hakurudi.

Homa ilimchukua Mwanza. Mwenzake aliyekuja na habari alisema walimzika na shati lake, na ile karatasi ilikuwa ndani ya shati. Ndugu zake kule Nyabiyonza wakafanya wanavyofanya mtu akifia mbali: wakakata shina la mgomba, wakalilaza kaburini mahali pake, wakafukia. Mimi nilikwenda kuzika. Nilisimama pale na watu nikatupa udongo juu ya mgomba, na sikukumbuka kioo hata kidogo. Huo ndio ukweli.

Baada ya wiki chache Mama Kemilembe akaja. Amenyoa kichwa, amekonda, amebeba mkungu wa ndizi kama kawaida yake. Akauweka chini.

"Nimekuja kumchukua Rwiza," akasema.

Nikauliza swali la kijinga, nikasema, "Rwiza yupi, mama?"

"Wamezika mgomba, mwanangu. Mgomba hauna uso. Na ule niliosema ninao, unanitoka. Nikilala unakuja nusu. Nipe ule wa kwenye kioo chako."

Wakuu, nilikuwa na nafasi ya kusema. Zuhura alikuwa mlangoni, ananitazama. Maneno yalikuwa mepesi tu: mama, nimekosa, sinacho. Sikuweza. Mwanamke aliyemenya ndizi kwenye msiba wa mama yangu, nimwambie nimemgeuza mwanawe dirisha?

Nikasema, "Keshokutwa, mama. Natafuta kioo."

Akaondoka na shukrani.

Nikapekua vilivyobaki, nikampata kijana mmoja wa Isingiro. Umri ule ule, kichwa cha mviringo vile vile, na koti ni lile lile. Yeye alisalimika kwa sababu mjomba wake ni karani. Nikamtoa kwenye karatasi, nikafifisha uso kidogo makusudi. Nilijua macho ya mama yule si mazuri tena.

Zuhura aliniambia neno moja tu, "Usifanye." Nikafanya.

Mama alipoipokea aliishika kwa mikono miwili. Hakulia. Akapapasa lile koti kwa kidole. Akasema, "Koti lako, Salum. Alilipenda sana." Akaifunga ndani ya rubugo, akaenda.

Nilijidanganya kwamba nimefanya wema. Mtu amepata faraja, mimi nimepona aibu, nani ameumia? Nikaendelea na kazi.

Akarudi wakati wa senene, wale panzi wa kuliwa. Nakumbuka kwa sababu Zuhura alikuwa uani anawanyonyoa mabawa, na mama alipoingia hakukaa naye kama siku zote. Alikuja moja kwa moja kwenye chumba changu cha picha, akaweka ile picha juu ya meza.

"Huyu si mwanangu," akasema.

Nikaivuta ile picha karibu.

"Nilijua siku ya nne. Nilimtoa nje kwenye mwanga. Rwiza alikatwa na mundu hapa akiwa mdogo." Akashika ncha ya sikio lake la kushoto. "Huyu masikio yake ni mazima."

"Mama, mbona hukurudi siku ile?"

"Ningemrudisha vipi? Alikuwa amefika kwangu kama mgeni. Nikasema akae kidogo. Nimekaa naye, nimemsemesha, nimemzoea. Halafu nikaona ninaiba. Na huyu ana mama yake, Salum. Mpelekee." Akavuta pumzi. "Sasa nipe wangu."

Hapo ndipo nikasema. Niliyasema yote, ya vioo kupasuka njiani, ya magadi, ya mafungu mawili. Nilisema hata lile la kumtambua. Sikujua kama nalia hadi nilipoonja chumvi.

Aliniacha nimalize. Akauliza, "Yuko wapi?"

Nikaonyesha dirisha.

Akalitazama. Vioo thelathini na sita, vyote vyeupe, nyuma yake migomba na mvua nyepesi. Akasogea karibu, akaanza kuvipitia kimoja kimoja kwa kidole, mstari wa juu aliofikia, wa chini yake, wa chini yake.

"Ni kipi?"

"Sijui, mama."

"Hukumwekea alama?"

"Sikuweka."

Akarudi nyuma, akaketi kwenye kiti cha wateja, kile kile alichokalia Rwiza. Akakaa pale uso wake umeelekea dirishani. Zuhura akaleta maji, hakuyanywa. Wateja wawili wakafika, Zuhura akawaondoa kwa upole. Mvua ilipokatika akasimama, akajifunga vizuri, akasema, "Haya." Hakuniita mwanangu. Hajaniita tena hadi leo, na hajatuletea ndizi tena.

Ile picha niliipeleka Isingiro mwenyewe, kwa miguu. Kijana yu hai, ana ndevu, ana mke. Mama yake alifurahi hadi akanichinjia kuku, akasema wewe ni mfanyabiashara mwema, umetembea siku mbili kuleta zawadi. Nilitafuna yule kuku kama natafuna gome la mti.

Wengine mtauliza kwa nini sijang'oa dirisha. Nilitaka. Zuhura akasema, ukilivunja utakuwa umewaua mara ya pili, kaa nalo ulitazame. Basi nipo nalo. Biashara imekua, nina kamera ya pili. Watu wanatoka mbali, wanaketi, wanasifu mwanga wa chumba changu kwamba hakuna mwingine kama huo nchi hii. Nawaambia asante.

Nilichojifunza ni hiki. Ukitaka kukuza biashara, kuza, lakini mtu asiyerudi haraka usidhani amekuachia kitu chake. Maskini ana kimoja tu, ndiyo maana hakuja kuulizia cha pili. Na ukishakosa, sema siku ile ile, maana ule uongo wangu wa huruma ulimfanya yule mama amzike mtoto wake mara tatu.

Siku hizi kila kioo nakikwaruza jina pembeni. Sijafuta hata kimoja tangu siku ile.

Nimemaliza, wakuu. Mwenye la kunisema aniseme, nitasoma yote. Na kama kuna mtu humu alipigwa picha kwangu zamani, ndani ya koti jeusi, akalipa kwa kahawa, tafadhali aandike jina lake na la mama yake hapa chini. Nataka kujua ni akina nani wengine walio kwenye ukuta wangu.