Bangili ya Susu

Nasomea kutunza vitu vya shaba vya zamani. Leo, kabla ya kutupa glavu zangu, nilizinusa, na harufu ile ya shaba ikanirudisha kijijini Nuu, kwa susu, nyanya yetu.

Susu alikuwa na bangili ya shaba iliyoiva weusi kwa uzee, imejaa vinukta ambavyo babake, aliyekuwa mhunzi, alivigonga kimoja kimoja. Dada yangu ndiye aliyepewa jina la susu, kwa hivyo yeye pekee aliruhusiwa kuishika. Kila Jumamosi aliipaka mafuta ya mbarika polepole, susu akimwita “wajina wangu”. Mimi niliitwa kuosha sufuria.

Siku moja walipoenda mtoni niliitoa sandukuni. Niliisugua kwa jivu na mchanga, nikakaza mkono hadi ikang'aa kama sufuria mpya. Nilitaka susu ajue ni nani hasa anaweza kazi.

Aliporudi, aliigeuza kiganjani, kidole gumba kikitafuta vile vinukta. Kilikuwa kikiteleza tu.

“Umeiosha?”

“Ndiyo, susu. Ona vile inang'aa!”

Hakunigombeza. Alimvisha dada yangu palepale, na dada akaifunika kwa mkono wa pili, akiniangalia.

Dada bado huivaa kanisani. Juzi nilimpigia simu, nikamwambia sasa nimesoma, aniletee ile bangili niisafishe vizuri.



“Wewe ulishaisafisha,” akasema.