Meza ya Inzi Nyuma ya Migomba

Siku ile, pale nyumbani Bwera, tulikuwa watu hawa: mimi, mzee wangu, aliyelinda geti la mgodi kule Kilembe mpaka akastaafu, mjukuu wetu wa kike, binti wa mtoto wangu wa pili, ambaye ndiye alikuwa anaposwa, na rafiki yangu wa Butembo, anayeuza samaki sokoni Mpondwe na kupanga chumba chetu cha uani. Upande wa wageni, alikuja senga wa kijana, yaani shangazi yake, na wazee wawili wa ukoo wao kutoka Hima. Kijana mwenyewe hakuja, haikuwa siku yake. Majina ya wote ninayo kichwani, mpaka la mbuzi aliyefungwa pale nje, lakini mjukuu amenikataza kuyaandika. Basi.

Kilichotusumbua ni inzi. Wageni hawa walipokuja mara ya kwanza, inzi alitumbukia kwenye mchuzi wa senga. Aliweka tonge chini, akanawa, akasema ameshiba. Ameshiba nini, na bundu, huo ugali wetu wa muhogo, ilikuwa bado inatoa moshi? Mgeni wa posa asipokula, maneno hayaendelei. Waliaga vizuri, wakasema watarudi. Mjukuu akanifuata jikoni, macho mekundu.

"Bibi, akikataa kula tena, mimi nimekwisha."

Na ulikuwa msimu wa kahawa. Anayejua huku kwetu ameshaelewa. Kila nyumba ina rundo la maganda ya kahawa kule nyuma, yanachacha, na inzi wakitoka huko wanakuja moja kwa moja kutusalimia. Huwezi kumwambia jirani asimenye kahawa yake.

Tukaanza vita. Mjukuu aliona kwenye simu kwamba inzi wanaogopa mfuko wa nailoni wenye maji, akaning'iniza mifuko mlangoni. Inzi walitua juu yake wakapumzika. Aliyeogopa ni mzee, maana kila akiingia mfuko unamgonga usoni. Mimi nikafukiza majani ya kalitusi. Inzi walitoka, kweli, na sisi tukatoka, tukakaa wote uani tunafuta machozi. Moshi ulipoisha, tukarudi ndani pamoja nao. Mzee naye akapigilia kipande cha mpira wa baiskeli kwenye fimbo, akawa anazunguka sebuleni akiamrisha kama bado yuko getini: "Wewe! Toka! Haraka!" Aliua wachache, na birika langu la chai akalibonyeza.

"Afande," rafiki yangu akamwambia, "unapigana na watu wenye njaa. Mutu iko na njaa, hata umupige, atarudia tu." Akanigeukia mimi, anayeniita yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya, hawa inzi beko bageni kama bale ba Hima. Tubawekee meza yabo kule mbali. Vichwa vya samaki nitatoa mimi."

"Mimi nipikie inzi?"

"Nani amesema kupika? Bao banapenda bibichi."

Nilicheka, lakini sikuwa na shauri lingine. Asubuhi ya siku yenyewe tulisugua nyumba yote kwa sabuni, tukafunika kila chungu, na takataka tukazifukia. Halafu rafiki yangu akachukua kigoda kizee, akakiweka nyuma kabisa ya migomba, akatandika jani la mgomba, akapanga juu yake vichwa na matumbo ya samaki, vizuri kama anayetengea wakwe zake. Jua lilipopanda, inzi walihama. Sisemi wote, lakini sebule ilitulia. Shida ikawa mbwa wa majirani, wao pia wanapenda samaki. Kwa hiyo mzee akapewa kazi ya kulinda meza ya inzi, na onyo kwamba asiue hata mmoja. Alivaa koti lake la zamani, akafurahi kupata zamu.

Sisi tukasimama mlango wa mbele na beseni la maji ya kunawa. Hatukujua kwamba lori la saruji limekwama barabarani na kuziba njia, na kwamba bodaboda wamewapitisha wageni shambani. Nilisikia tu sauti ya mzee kutoka kwenye migomba:

"Karibuni! Chakula tayari!"

Jamani, nilikimbia. Nikamkuta senga ameinua pindo la gomesi, gauni lake refu la heshima, anatazama kigoda, na kigoda kimekuwa cheusi, kinavuma. Mzee amesimama wima kando yake, fimbo begani. Nyuma yangu mjukuu alijifunika uso kwa kanga.

"Mama," senga aliniuliza polepole, "ndicho hiki?"

"Hapana, senga. Hicho ni cha inzi. Chenu kiko ndani."

"Cha inzi."

"Eee. Mara ile walikula pamoja nasi. Leo tumewatenga."

Akamwangalia mzee. "Na huyu?"

"Ule ni askari yabo," rafiki yangu akajibu.

Mmoja wa wazee wa Hima alianza kukohoa. Senga akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika mgomba. "Nyumba nyingi nimeposa," akasema, "lakini inzi mwenye mlinzi sijamwona!"

Tukaingia. Akanawa. Mjukuu akampakulia bundu, sombe, hicho kisamvu chetu, na samaki, na sote tukawa tunatazama mkono wake huku tukijifanya kutazama ukuta. Hapo inzi mmoja akaingia. Alizunguka, akazunguka, akaja juu ya bakuli. Senga alilifunika kwa kiganja cha kushoto.

"Wewe umepotea," akamwambia. "Meza yako ni kule nyuma."

Akala. Mjukuu, aliyekuwa amepiga magoti na jagi la maji, alinimwagia nusu yake miguuni, wala sikumkaripia.

Mzee anadai senga aliongezewa mara moja tu. Mimi nasema mara mbili, na nilikisafisha chungu mwenyewe. Kama ulikuwapo na unakumbuka vingine, njoo unirekebishe. Pita mlango wa mbele, lori lilishaondoka.