Wimbo Uliomngoja Atupele

Naikumbuka siku ile ya masika, mwanangu, miaka ya sabini, nikiwa msichana mwenye sauti ya kwaya lakini mwoga kama kunguru. Nilikuwa namsindikiza dada yangu Atupele kutoka Iringa kwenda kwa mama, Mbeya, akajifungulie huko mtoto wake wa kwanza. Tulipofika Chimala mto ulikuwa umefunika daraja, basi likasimama, na uchungu ukamshika palepale.

Mkunga mzee wa Kisangu, Bibi Malonga, akatuingiza nyumbani kwake. Atupele alikuwa akibana pumzi na kupiga kelele, macho yamemtoka.

"Unajua kuimba?" bibi akaniuliza.

"Najua, bibi."

"Basi mwimbie wimbo wa polepole, apumue nao."

Nikaanza. Lo! Hofu iliupandisha wimbo juu na kuukimbiza. Kufika ubeti wa pili sauti ikakatika, na dada naye akazidi kuhema.

"Shuka, binti," bibi akasema bila kugeuka. "Anzia kwenye sauti unayoongelea. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Nikashuka. Lakini sasa kilio kikaingia ndani ya wimbo, bibi akanikemea tena: "Mbona unaimba kama tunazika? Polepole si msiba. Mtazame dada yako. Akivuta pumzi, ngoja. Akiitoa, nawe toa neno."

Nikamtazama, nikangoja. (Kungoja ndani ya wimbo ni kazi, mwanangu, ulimi unawasha.) Taratibu mabega yake yakalegea, vidole vikaacha kunifinya. Baadaye nikamsikia naye akiimba nami, chini kabisa. Sijui niliurudia wimbo ule mara ngapi. Jua lilikuwa bado halijazama mtoto alipolia, wa kike, mzima, na Atupele akacheka huku jasho likimtiririka. Nikakaa sakafuni, nikalia na kucheka kwa pamoja, na Bibi Malonga akanipa uji kana kwamba mzazi ni mimi.

Mwanangu, mwenda pole hajikwai. Ukikaa karibu na mtu mwenye maumivu, usimletee mwendo wako. Pokea wa kwake. Shusha sauti kwanza, maana hofu huambukiza upesi kuliko homa. Na upole wako uwe na tumaini ndani yake, usimfanye mgonjwa ajione ameshazikwa.

Mungu akujalie subira ya kuwangoja wenzako. Na siku yako ya uchungu itakapofika, asikose wa kukungoja wewe. Amina.