Jinsi nilivyojiweka rehani Eldas ili mwanafunzi wetu mmoja amalize chuo

Wakuu, salaam aleikum, na kwa wale wa salamu nyingine, habari za mchana.

Hii sikusimuliwa na mtu. Nilikuwemo mwenyewe, na aliyewahi kupita barabara ya Wajir kwenda Eldas anajua mgongo wangu hauna sababu ya kudanganya.

Mimi ni mwalimu. Kwetu ni Mumias, nimeolewa Garissa, na nafundisha Kiswahili katika chuo kidogo cha dini hapa mjini. Tunaandaa walimu: asubuhi diploma ya ualimu, jioni Qur'ani na fiqhi. Pia mimi ndiye mlezi wa wanafunzi, yaani mwanafunzi akipotea, anayeulizwa ni mimi.

Na walikuwa wanapotea kweli.

Mwaka wa kwanza darasa linajaa mpaka wengine wanakaa dirishani. Siku ya graduation tunapanga viti, halafu tunaanza kuviondoa kimya kimya kabla wageni hawajaingia, ili mapengo yasionekane. Hiyo kazi ya kubeba viti niliichukia kuliko kusahihisha insha.

Chuoni kila mtu alikuwa na sababu tayari. Ukame. Karo. Ndoa. Sikatai, yote yapo, na nimeyashughulikia mpaka nikazeeka kabla ya wakati. Lakini kuna kitu kilikuwa hakikai sawa kichwani mwangu. Waliokuwa wanaondoka hawakuwa wale dhaifu. Walikuwa wale wazuri kabisa.

Sasa sikilizeni.

Kila mwaka Ramadhani ikikaribia, vijiji vya mbali hupiga simu chuoni kuomba vijana wa kuwasalisha tarawehe. Sheikh, ambaye ndiye principal wetu, mtu mpole asiyejua kusema hapana, huchagua wale wenye kisomo kizuri, anawaombea dua, anawapa nauli, wanaondoka. Ni fahari ya chuo.

Mwaka huo, tukiwa staffroom, nikauliza tu kwa udadisi: wale wa mwaka jana wako wapi?

"Ah, mashallah," Sheikh akasema. "Bishar yuko Banissa, wamemjengea dugsi, anasomesha watoto Qur'ani. Mwenzake yuko Rhamu, wamempa shamba kando ya mto, analima vitunguu na anasalisha."

Walimu wote wakaitikia mashallah. Mimi nikaweka kikombe chini. Hao aliokuwa anawataja ndio hao niliokuwa nawatafuta.

Wakuu, tulikuwa tunawachagua sisi wenyewe, tunawaombea dua, halafu tunawalipia nauli ya kutoroka.

Nikamwambia Sheikh. Akatabasamu. "Mwalimu, hao hawajapotea. Wanafanya kazi ya Mungu." Nikamjibu kwamba kazi ya Mungu inafanyika hata ukiwa na cheti. Akacheka, na mwezi ulipoandama vijana wakaenda kama kawaida.

Mmoja wao alikuwa Abdinasir.

Huyu alikuwa mwaka wa mwisho, amebakiza mitihani tu. Akisoma Qur'ani, hata mpishi wetu anasahau sufuria jikoni. Baba yake alishafariki, na mama yake anauza maziwa ya ngamia sokoni. Alipelekwa kijiji kimoja mbele ya Eldas. Idi ikaja, Idi ikapita, Abdinasir hakuonekana.

Mama yake akaja ofisini kwangu na jerikeni lake la maziwa.

"Mimi naleta kijana kwa chuo," akasema. "Sikuleta kwa Eldas. Wewe natafuta yeye, ama mimi nakaa hapa kwa mlango."

Na akakaa. Alikaa mpaka adhuhuri, wanafunzi wakimruka kuingia ofisini. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kazini.

Kuna mkuu ataniuliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga. Kule network inapatikana juu ya kilima kimoja tu, kwa hiyo unapiga unangoja mtu apande. Abdinasir alipopatikana akaniambia, "Mwalimu, nikiondoka hawa watoto hawana mtu. Inshallah mwaka ujao." Hiyo inshallah ya mwaka ujao nimeisikia mara nyingi. Haijawahi kuniletea mtu darasani.

Nikaamua kwenda. Mume wangu akanisindikiza mpaka Wajir akarudi kazini kwake. Kutoka hapo nikaendelea na Landkruza iliyobeba unga na sukari, nimekaa mbele na mke wa dereva.

Nilimkuta darasani. Ni chumba cha mabati, na nje ya mabati kuna mbuzi. Watoto wamejaa, yeye yuko mbele anawatenganishia silabi kwa makofi, mbinu niliyomfundisha mimi. Watoto wanasoma, tena wanasoma vizuri. Nilisikia fahari na hasira kwa wakati mmoja, na sikujua nianze na ipi.

Walikuwa wamemjengea nyumba. Wamempa ngamia wa maziwa. Wazee wanamwita maalim na kumpisha kwenye mkeka, kijana ambaye kwetu alikuwa anafua soksi bafuni.

Jioni mimi na Abdinasir tukaitwa kwa Haji Adan, mkubwa wa kile kijiji. Kiswahili alikipata soko la mifugo la Garissa, miaka ya kuuza ngamia. Binti yake Ubah akanimiminia chai, na akiwa ameinama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kule chuo wasichana nasoma bia?"

Nikamwambia ndiyo, na wao pia wanasoma, wako wengi. Akaitikia kwa kichwa akaondoka.

Haji hakuzunguka. "Wewe umekuja kuchukua imamu yetu."

"Haji, nimekuja kumchukua mwanafunzi wangu. Akifanya mtihani, anarudi kwenu akiwa mwalimu kamili, hata serikali inaweza kumwajiri hapa hapa."

Akanywa chai yake taratibu.

"Mwalimu, sikia. Serikali naleta mwalimu hapa, mtu ya mbali kama wewe. Yeye nasema, naenda likizo. Hakurudi. Naleta mwingine. Yeye bia nasema likizo. Sisi nangoja mbaka leo. Sasa wewe nasema huyu naenda mtihani."

Miaka yote nimejiona mimi ndiye ninayekimbiwa. Kumbe na wao walikuwa wanakimbiwa, tena na walimu, watu wa kazi yangu. Nikageuka kumwangalia Abdinasir, naye akawa anaangalia mkeka.

Ningeweza kugombana. Mimi ni mtu wa kugombana, muulizeni mume wangu. Ila mzee alikuwa na haki.

Lakini mama yule wa maziwa naye alikuwa na haki, na sikuwa tayari kurudi mikono mitupu nikamkute mlangoni.

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Basi nibaki mimi."

"Kubaki wapi?"

"Hapa. Nafundisha watoto mpaka arudi. Asiporudi, mna mimi."

Haji akaniangalia sana. "Bwana yako nasema nini?"

"Bwana wangu nitamwambia."

Wanawake waliokuwa nyuma ya pazia wakacheka, na nadhani kile kicheko ndicho kilichomaliza kesi. Haji akasema kusalisha atashika mwenyewe, kisomo chake kimezeeka lakini Mungu anakijua.

Kesho yake nikapanda kilima. Mume wangu akauliza kwenye simu kama kuna maji. Nikamwambia yapo kiasi. Akasema basi sawa, na nikakumbuka kwa nini nilimkubali.

Sheikh yeye alipandisha sauti, mara ya kwanza tangu nimjue. "Mlezi wa wanafunzi anatorokaje chuo?"

"Sheikh, nimefuata utaratibu wetu," nikamwambia. "Nimekwenda kijijini, nimebaki."

Nadhani hapo ndipo ilipomwingia.

Abdinasir aliondoka na lori la ngamia linaloteremka Garissa. Nilimwambia neno moja: ukifeli nitakusamehe, usiporudi sitakusamehe. Akaniitikia bila kunitazama, na hiyo haikunipa usingizi.

Basi nikafundisha. Joto la mabati lile sina maneno yake. Nilitenganisha silabi kwa makofi mpaka viganja vikawaka. Ubah akaanza kuja kukaa nyuma, kwanza akisema ameleta maji ya watoto, baadaye akaja na kalamu bila kusema kitu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa baadhi ya wanafunzi wangu wa diploma.

Kila jioni mtu ananiuliza, "Mtihani bado?" Nasema bado. Halafu wote tunaangalia barabara.

Mitihani ikaisha. Nilijua siku yake, ratiba nilisaidia kuiandika. Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Mvua ilikuwa imenyesha na simu yake haipatikani. Haji aliendelea kuniletea maziwa kama kawaida, na ule upole wake uliniumiza kuliko matusi.

Asubuhi moja nikawaambia watoto kwamba maalim yuko njiani. Msichana mmoja mdogo akanijibu, bila huzuni yoyote, "Ameenda likizo."

Nilitoka nje nikalia kati ya mbuzi. Sikulia kwa kuogopa kubaki. Nililia kwa sababu mtoto yule hakuwa ananiuliza, alikuwa ananifariji.

Abdinasir alifika juu ya magunia ya unga, barabara ilikuwa imekatwa na maji na lori lililala njiani. Aliruka kabla halijasimama. Alikuwa na tope mpaka kifuani, na watoto wakamrukia hivyo hivyo.

Haji akanigeukia. "Mwalimu, sasa wewe naweza kwenda."

Alifaulu. Siku ya graduation nilikuwa nje asubuhi, nimeshika kiti, sijui kama naongeza ama napunguza, nikasikia lori linapiga honi getini. Eldas ilikuwa imekuja. Wazee, akina mama, na watoto waliovalishwa kama siku ya Idi. Mwaka huo hatukuondoa kiti, tuliazima vya msikiti.

Mama yake Abdinasir aliichukua diploma mkononi mwa mwanawe kabla hajashuka jukwaani, akaificha ndani ya hijabu yake. Aliponipita akaniwekea jerikeni la maziwa miguuni na kuendelea na safari yake.

Tukaanza kutawanyika. Wazee wakamwita Abdinasir apande lori, nami nikaenda kuwaaga. Haji Adan alikuwa amesimama kando, na nyuma yake Ubah na begi dogo.

"Wewe ulikaa kwangu mbaka kijana karudi," akasema. "Sasa huyu nakaa kwako. Akimaliza, rudisha."

Wakuu, nilishika lile begi. Nikaitikia kwa kichwa.

Siku hizi vijana bado wanakwenda tarawehe, Sheikh hawezi kuacha na mimi sitaki aache. Ila Idi ikipita mwalimu anakwenda kuwachukua, na kijiji kinapewa mwanafunzi mwingine wa teaching practice kusudi darasa lisilale. Vijiji vingine vinakubali, vingine bado tunabishana navyo. Bishar wa Banissa nimemwambia ajiandae, safari ijayo ni kwake, na mkaidi kwa mkaidi tutaonana.

Nilichojifunza ni kwamba huwezi kumwambia mtu akurudishie wako kama hajawahi kukuona wewe ukirudisha wake. Ubah yuko mwaka wa pili, na hajakosa muhula hata mmoja.

Uwanja ni wenu. Mliowahi kufundisha mbali mkaenda likizo, semeni ukweli: kuna watoto mnadhani bado wanaangalia barabara?