Dadu Juu ya Ngozi ya Ng'ombe

Mwezi mzima niliufundisha mkono wangu kurusha dadu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kwa hiyo nilijiona mwerevu kuliko wakulima wenzangu wa miwa hapa Navakholo. Nilitandaza ngozi ambayo mke wangu alianikia wimbi, nikazipanga dadu mbili nyuso nilizotaka zikiwa juu, nikaziachia polepole ili ziteleze bila kupinduka. Kwenye mchezo wa kamari wa pale sokoni, jumla ya saba ikitoka kabla ya namba yako, umeliwa. Juu ya ngozi, saba ilitoka kwa nadra sana.

Siku ya soko nilichukua mbegu za mahindi tulizokuwa tumeweka za kupanda, nikaziuza zote, nikaenda kwa mwenye mchezo. Mwisho wa meza yake alikuwa amesimamisha ubao. Nikarusha kama nyumbani.

"Hiyo haihesabiwi, mwalimu," akasema. "Lazima zigonge ubao, zirudi. Ama nikuletee mto uzilaze?"

Watu wakacheka. Nilielewa papo hapo kwamba ubao ule uliwekwa kwa ajili ya wajinga kama mimi, na bado nikabaki. Dadu zikagonga, zikaruka ovyo kama panzi. Niliendelea mpaka pesa ya mbegu ikaisha.

Mvua iliponyesha, mke wangu alipanda mahindi ya chakula, yale yaliyotobolewa na wadudu. Machache ndiyo yaliyoota. Mpaka leo nikimega ugali, nauangalia kwanza mkono huu uliorusha dadu.