Apdeti ya Siku ya Arobaini

Kwa siku thelathini na tisa, mimi na mdogo wangu wa tumbo moja tuliongea maneno manne tu.

"Nifuate."

"Nahitaji risasi."

"Nisaidie!"

"Asante."

Siyo kwamba sisi ni mabubu. Hayo ndiyo maneno yaliyomo kwenye gemu. Unabofya kitufe, mwenzako anayaona kwenye kioo cha simu yake. Ukitaka kusema "nisamehe", hakuna kitufe.

Nawapa mkasa wote leo leo. Anayetaka kucheka acheke, mimi mwenyewe nimeshacheka sana.

Naitwa Gasper, Mchaga wa Kibosho, mwalimu wa hisabati shule ya msingi huku Mbwera, deltani, wilaya ya Kibiti. Kwa wasiopajua, huku barabara ni maji. Ukitaka kutoka unapanda boti, na safari inapangwa na maji kujaa na kupwa. Saa yako ya mkononi ni pambo tu. Mwaka wa kwanza nilidhani wenyeji wananitania.

Mdogo wangu anaitwa Aika, ni nesi, yuko Moshi mjini. Zamani tulikuwa chanda na pete. Yeye ndiye aliyeniwekea hilo gemu la kupigana risasi kwenye simu. Jina la gemu nalihifadhi, msije mkasema nimelipwa. Yeye anajiita Malkia_Kisusio, kwa ile supu yetu ya Kichaga, mimi najiita Ticha_Risasi.

Halafu mwaka jana, mwezi wa pili, mzee wetu akafariki.

Taarifa ilinifikia Jumanne jioni, mazishi Alhamisi. Jumatano asubuhi nikapanda boti, katikati ya njia maji yakatuacha. Boti ikakaa juu ya tope kutwa nzima. Tulipofika Nyamisati, gari la mwisho la Kibiti lilikuwa limeondoka. Nikaingia Kibosho Alhamisi usiku. Kaburi limeshafunikwa, wamebaki wazee wachache na pombe yao ya mbege.

Nikajieleza. Aika akanitazama mbele ya ukoo mzima.

"Aisee kaka, yaani maji yaliondoka? Yalikuwa na safari? Watu wamefika kutoka Bukoba, wewe umezuiwa na maji ambayo hayapo!"

Watu wakaguna. Hata mimi nilipojisikiliza niliona nadanganya.

Tangu siku hiyo nikipiga hapokei. WhatsApp kanipiga bloku. Mwaka ukapita, na miezi juu yake.

Sasa, mwezi wa nne mwaka huu gemu likaleta shindano la Pacha. Mnajiunga wawili, mnacheza pamoja mechi moja kila siku, siku arobaini mfululizo. Mkimaliza, kila mmoja anapewa bunduki ya dhahabu yenye kichwa cha chui. Dukani haipo, hata uwe na hela za namna gani. Mmoja akikosa siku moja tu, mnyororo unakatika, mnarudi sifuri.

Siku hiyo nilikuwa nimeegemea ukuta wa zahanati, pale ndipo mtandao unaposhika kijijini. Simu ikalia.

"Malkia_Kisusio anakuomba uwe pacha wake."

Jamani! Nikabofya "Kubali" kabla hajabadili mawazo.

Kuanzia hapo, kila siku saa kumi jioni, mechi moja. Maiki hakuwasha hata siku moja, nami sikuthubutu. Nilimwogopa, nasema ukweli.

Lakini siku ya kumi na mbili nilipigwa risasi, niko chini natambaa. Aika naye anavuja damu, na ana kisanduku kimoja tu cha dawa. Akakitupa mbele yangu. Nikabofya "Asante". Nikaibofya mara sita mpaka gemu likanizuia, likadhani nasumbua watu.

Bunduki ya chui nikaisahau. Nilichokuwa nahesabu mimi ni siku ambazo mdogo wangu hajanikimbia. Nikajipangia: siku ya arobaini tukimaliza, nawasha maiki, naomba msamaha kwa mdomo wangu. Mnyororo ukikatika kabla ya hapo, sina mlango mwingine wa kubisha.

Siku ya arobaini ikaangukia Jumamosi. Asubuhi nafungua gemu, nakuta maandishi mekundu.

"Apdeti inahitajika. GB 1.9."

Nikachoka mwenyewe.

Mtandao wa ukuta wa zahanati unatosha kucheza mechi kwa kubahatisha. Kushusha GB mbili ni kuhamisha kisima kwa kijiko. Nikasimama pale saa nzima, nikapata asilimia mbili. Na siku ya gemu kwetu inaisha saa kumi na mbili jioni, maana huko kwenye mitambo yao ndipo inapotimia saa sita usiku.

Nikamkumbuka Bi Mwanaidi.

Bi Mwanaidi ni mama wa makamo, mkulima wa mpunga, shamba lake liko ng'ambo ya kijito. Katikati ya shamba ana dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ambamo mtu hukaa kuamia ndege wasile mpunga. Kijiji kizima kinajua dungu lile lina mtandao wa ajabu. Bibi huongea humo kwa video na binti yake aliyeko Muscat, picha haikatiki hata kidogo. Nikaazima mtumbwi, nikavuka.

"Hodi! Shikamoo Bi Mwanaidi."

"Marahaba mwalimu. Leo wapi na wapi?"

"Naomba nikae juu huko kidogo, simu ishushe mzigo."

"Mzigo gani?"

"Gemu, mama."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Mwalimu mzima, na midevu yako!"

"Nacheza na mdogo wangu, mama. Hatusemeshani. Tukiikosa mechi ya leo, basi tena."

Akashuka ngazi.

"Haya, panda. Lakini dungu langu halikai mvivu. Mie nna shughuli ya mwali kwa Habiba, na wewe wajua mpunga ushaanza kukomaa. Ndege wakishuka, wapige. Nikirudi nikakuta mashuke matupu, utanieleza vizuri!"

Akanipa kombeo na rundo la madonge ya udongo, akajitanda kanga yake, huyoo akaenda zake.

Nikatundika simu kwenye msumari. Asilimia kumi. Ishirini. Mwanangu, ilikuwa inateremka kama mtu kafungua bomba! Nikaanza kujichekea.

Ndipo ndege wakaja.

Wakuu, kwenye gemu mimi nampiga mtu wa kichwa akiwa ghorofani, mita mia tatu, na upepo juu. Nikajiambia hawa ndege wamekwisha. Donge la kwanza likanipiga mgongoni mwenyewe. La pili sijui lilikoelekea mpaka leo. La tatu likatua kwenye mtumbwi wa watu. Ndege hata hawakugeuka, wanakula tu kama wamealikwa.

Nikatupa kombeo, nikachukua sufuria na mwiko, nikashuka. Nikawa nakimbia kwenye matuta, tope mpaka magotini, napiga sufuria na kuimba tebo ya saba kwa sauti yote niliyopewa na Mungu.

"Saba mara moja saba! Saba mara mbili kumi na nne!"

Wakaruka! Wakahamia kona nyingine. Nikawafuata na tebo ya nane. Mpaka tebo ya kumi na mbili inaisha nilikuwa sina sauti, na wavulana wangu wawili wa darasa la sita wamesimama ng'ambo wanapiga makofi. Jumatatu shule nzima itajua.

Saa tisa na nusu nikapanda juu. Asilimia mia! Nikabusu simu.

Saa kumi kamili niko ndani ya gemu, bunduki mkononi, namsubiri pacha wangu.

"Malkia_Kisusio: hayuko hewani."

Nikasema amechelewa kazini. Kumi na nusu, hayupo. Kumi na moja, hayupo. Nikavunja ule mwiko wa kutopigiana, nikampigia simu. Namba haipatikani. Nikarudia. Haipatikani.

Nikaanza kumpigia kila dakika tano, halafu kila dakika mbili. Saa kumi na mbili ilipogonga, kioo kikaonyesha mnyororo unakatika vipande viwili, na kamlio kake ka dharau.

Siku ya arobaini! Angeacha siku ya tatu ningeelewa. Nikaamini alingoja mpaka mwisho ili niumie vizuri. Nililia juu ya lile dungu, sifichi.

Bi Mwanaidi akarudi na sahani ya pilau ameifunika kwa kawa. Akakagua shamba kwanza, kisha akanitazama.

"Amekuja huyo mdogo wako?"

"Hajaja, mama. Ameamua."

"Umemuuliza?"

"Simu haipatikani."

"Basi hujui kama kaamua. Kula."

Nikala. Pilau lilikuwa tamu, na hilo nalo lilinikera.

Nikavuka kurudi kijijini. Maji yalikuwa yameanza kujaa. Pale gatini boti ya nahodha Haidari ndiyo ilikuwa inafunga kamba, imechelewa kweli, abiria wanashuka wamenuna. Wa mwisho alikuwa mwanamke mmoja, tope mpaka mapajani, viatu mkononi, begi kichwani. Haidari anamnyooshea mkono ashuke, yeye anaukataa.

Nikamjua kwa ule ubishi.

"Kaka Gasper," akasema.

Nikamsogelea.

"Nilipata likizo," akaanza, maneno yanamtoka mbio. "Nikataka ile mechi ya mwisho tucheze tumekaa pamoja. Apdeti nimeishusha jana usiku gesti Kibiti. Nilijua saa saba nitakuwa nimefika. Mae! Kaka, tumekaa kwenye tope masaa matano! Mtandao hamna. Nikamwambia huyu nahodha washa mashine twende, akaniambia, dada, twende wapi?"

"Alitaka kushuka asukume," Haidari akadakia. "Akazama. Tumemtoa watu watatu."

Aika hakucheka. Aliweka begi chini.

"Siku ile ya mzee ilikuwa hivi hivi?"

"Hivi hivi."

"Nami nikakutukana mbele ya watu."

Akaanza kulia, nami nikaanza tena. Tukakumbatiana pale na tope lote lile. Furaha niliyoisikia sina namna ya kuipima. Haidari akaona aibu, akajitia kukagua mashine.

Mngedhani mkasa unaishia hapo. Bado.

Jumapili asubuhi tunafungua gemu, tunakuta tangazo: kwa sababu ya usumbufu wa apdeti, siku ya mwisho ya Pacha imerudishwa na imeongezwa mpaka leo saa kumi na mbili jioni. Mnyororo wetu umeunganishwa. Thelathini na tisa, kama ulivyokuwa!

Aika akaruka juu. Tukabeba simu zote mbili, tukavuka kwenda dunguni. Bi Mwanaidi akatupokea na mihogo ya kuchemsha.

"Ndiye huyu aliyekuliza?"

"Ndiye, mama."

"Karibu mwanangu. Kombeo lile pale."

Saa nane tumekaa juu, simu zimejaa chaji, mtandao umejaa pomoni. Nikasema, kabla hatujaanza, hebu nisimulie mazishi ya mzee. Sikuwahi kuyasikia.

Aika akaanza. Jinsi jeneza lilivyogoma kupita getini mpaka wakang'oa geti. Jinsi baba mdogo alivyoteleza na shada la maua akaingia kwenye mfereji wa kahawa, na mama, siku ile ya msiba, akacheka mpaka akashikiliwa. Nani alisoma wasifu. Kwaya ilikosea wapi. Mzee alivalishwa suti ipi. Alisema nini wiki ya mwisho, aliomba ndizi za aina gani, na kwamba aliuliza kama mwalimu amefika salama kazini kwake.

Nikacheka, nikalia, nikauliza tena na tena. Bi Mwanaidi akiwafukuza ndege, anarudi kusikiliza, anasema "Allah amrehemu", anashuka tena. Nilimzika baba yangu siku hiyo, kwa kusimuliwa, nikiwa na muhogo mkononi.

Tulipokuja kunyamaza, Bi Mwanaidi alikuwa ametandika mkeka chini na anatawadha kwa ajili ya magharibi.

Aika akashtuka. "Kaka! Saa ngapi?"

Kumi na mbili na dakika ishirini.

Tukatazamana. Simu ziko pembeni, hakuna aliyezigusa. Bunduki ya chui ilikuwa imekwenda, safari hii kwa mikono yetu wenyewe.

Aika akanyanyua mabega. "Hata haikuwa nzuri sana," akasema, akachukua muhogo mwingine.

Gemu lilitoa fidia kwa wachezaji wote, kofia yenye umbo la kuku. Aika anaivaa vitani bila haya. Kila nikimwona kwa nyuma nashindwa kulenga.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, una mtu wako umemnunia au kakununia, na mnatafutana kwa chenga, ku-like picha, kuchungulia status. Najua, nimefanya. Gemu liliturudishia siku moja bure, lakini msiba wa mzee wangu haukurudishwa, na mwaka mzima tuliokaa kimya haurudishwi na apdeti yoyote. Mpigie leo. Asipopokea, panda gari uende.