Ukuta wa Makumbi

Babangu alikufa ukuta wake haujakauka. Chumba cha mamangu, katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, kilipigwa na jua la alasiri hata mawe yakabaki na moto mpaka watu wakalala, naye baba akaapa atalikomesha. Akasimamisha fito mbele ya ukuta, kwa ndani, akashindilia makumbi ya nazi katikati, akakandika udongo juu. Na ilikuwa masika! Kila mtu alimwambia angoje mvua ziishe. Baba na kungoja, wapi na wapi. Kazi ilipokwisha akashikwa na homa, na baada ya siku tatu tukamzika.

Mama akakaa eda chumbani humo humo. Shangazi, dadake baba, ndiye aliyesimamia stara: dirisha la kichochoroni likafungwa ili mjane asionekane na wapita njia, mapazia yakatundikwa ukuta mzima, na udi ukafukizwa asubuhi na jioni. Mimi nilikuwa mtu mzima, nimeolewa na nimezaa, lakini mbele ya shangazi sikuwa na kauli. Wiki ya tatu mama akaanza kukohoa, leso mdomoni ili tusisikie. Shangazi akasema ni majonzi. Nikamwambia majonzi hayanuki.

Nikainua pazia. Kuvu ilikuwa imetambaa kutoka sakafuni hadi begani mwangu, nyeupe juu, kijani chini. Niliwakasirikia wote, shangazi na marehemu pia, Mungu anisamehe.

Fundi mwanamume hangeingia kwa mwenye eda, basi kazi ikawa yangu. Nikashusha mapazia, nikafungua dirisha, nikatundika jamvi la matundu kwa nje, upepo uingie na macho yasiingie. Shangazi akaninunia siku mbili. Kila asubuhi nilijifunga leso puani, nikafuta kuvu kwa maji ya chokaa. Nafuta leo, kesho imerudi. Ubichi ulikuwa ndani, kwenye makumbi, wala hayangekauka nyuma ya udongo. Ilibidi kuubandua wote na kuyaanika uani.

Mama akakataa. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho ya mumewe, akasema, na alama za vidole vyake zimo. Nilitoka nikakaa ngazini, nikalia kwa hasira. Kifua chake kilikuwa kikikoroma, na humo chumbani ndimo alimopaswa kutimiza miezi minne na siku kumi.

Siku chache baadaye alikohoa hata akashika kitanda kwa mikono miwili. Alipotulia akautazama ukuta.

"Bomoa," akaniambia. "Babako alijua kila kitu ila kungoja. Mimi nina karibu miezi mitatu ya kungoja, na nataka niimalize nikiwa hai."

Nikaanzia chini. Udongo ukatoka mapande mapande, mbichi bado, na makumbi yakichuruzika maji. Shangazi akaja na karai bila kuitwa, akaanza kuzoa. Mama akageukia dirishani, akavuta pumzi, akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu mazishi. Hatukumnyamazisha.